Mishipa Midogo ya Damu katika Ugonjwa wa Lupasi: Uchunguzi Wake na Maneno ya Kuuelezea

Neno mshipa lina kazi nyingi katika Kiswahili. Hutaja njia ya damu itokayo moyoni na ile irudiyo moyoni. Hutaja uzi wa fahamu upelekao habari kwenye ubongo. Hutaja mpigo usikikao chini ya kidole cha mganga ashikapo kifundo cha mkono. Na tena hutaja maradhi ya ngiri na busha. Katika mazungumzo ya kila siku wingi huo wa maana hauleti taabu, maana mazungumzo yenyewe humwonyesha msikilizaji ni mshipa gani uliokusudiwa. Katika tiba sivyo. Mgonjwa aambiwaye kwamba mishipa yake midogo imeharibika hana picha mbele yake, wala hana elimu ya kumwongoza. Huenda akafahamu kwamba fahamu zake zimeingiwa na ugonjwa, au jambo jingine lililo mbali kabisa na lile aliloliona daktari.

Uchunguzi wa mishipa midogo ya damu katika watu wenye ugonjwa wa lupasi ni mfano ufaao kwa kulipima tatizo hili. Jambo lichunguzwalo ni dogo mno, lakini laweza kuonekana, kuhesabiwa na kupimwa. Na maelezo yake yadai maneno yasiyochanganya kitu na kitu. Makala haya yaeleza kwanza ugonjwa na uchunguzi wenyewe, kisha yachungua maneno ambayo Kiswahili chaweza kuyatumia.

Ugonjwa wa lupasi

Kwa kawaida kinga ya mwili hutambua vijidudu vitokavyo nje na kupigana navyo. Katika lupasi kinga hiyo hugeuka na kuushambulia mwili wa mwenyewe. Jina la ugonjwa latokana na neno la Kilatini lenye maana ya mbwa mwitu, nalo lilitumiwa na waganga wa Ulaya tangu Zama za Kati kwa vidonda vya uso vilivyofanana na nyama iliyotafunwa. Mwaka 1851 daktari Mfaransa Pierre Cazenave aliuainisha ugonjwa wa ngozi aliouita lupasi yenye wekundu, na mwaka 1872 Moriz Kaposi, aliyekuwa akifanya kazi Vienna, alionyesha kwamba ugonjwa huo hauishii katika ngozi bali huweza kuenea ndani ya mwili. Mwaka 1948 Malcolm Hargraves na wenzake wa Mayo Clinic, katika Marekani, walieleza juu ya seli ya namna ya pekee waliyoiona katika uboho wa wagonjwa. Tangu hapo lupasi ikaanza kutafutwa kwa vipimo vya maabara, wala si kwa macho peke yake.

Katika kila wagonjwa kumi, wapatao tisa ni wanawake, na aghalabu ugonjwa huanza katika umri wa kuzaa. Katika Marekani na Uingereza imeonekana kwamba watu wenye asili ya Afrika hupatwa zaidi, na mara nyingi ugonjwa wao huwa mkali zaidi. Dalili zake ni nyingi: uchovu, homa, maumivu ya viungo, na upele ukaao juu ya mashavu na pua kwa umbo la kipepeo. Katika ngozi nyeupe upele huo huwa mwekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hufichika, na mahali palipoathirika huweza kuwa peusi zaidi au kuwa na rangi ya zambarau.

Mishipa midogo huingia katika habari hii kwa njia ifuatayo. Kingamwili, yaani vitu ambavyo mwili huvitengeneza ili kumkamata adui, katika lupasi hushikamana na vitu vitokavyo katika viini vya seli za mwili wenyewe. Mafungamano hayo huchukuliwa na damu, na mengine hutua katika kuta za mishipa midogo. Hapo huamsha uvimbe na joto, na ukuta wa ndani wa mshipa, ambao desturi yake ni kuwa laini na kuipitisha damu bila ya kizuizi, hudhurika. Figo huathirika sana kwa sababu vichujio vyake ni vishada vya mishipa hiyohiyo midogo. Lakini figo haiwezi kutazamwa ndani yake ila kwa kutia sindano na kukata kipande kidogo cha nyama. Kidole chaweza kutazamwa bila ya kuchanjwa. Hii ndiyo sababu ya madaktari kuvutwa na ukucha.

Historia fupi ya uchunguzi

William Harvey alipoeleza mwaka 1628 kwamba damu huzunguka mwilini, hakuweza kuonyesha mahali ambapo damu itokayo moyoni huipata njia ya kurudi. Pengo hilo lilizibwa mwaka 1661 na Marcello Malpighi wa Bologna, ambaye kwa hadubini yake aliona mishipa myembamba kabisa katika pafu la chura. Mishipa hiyo ikapewa jina litokanalo na neno la Kilatini la unywele, nalo ndilo asili ya neno kapilari.

Mwaka 1862 Maurice Raynaud aliandika mjini Paris juu ya watu ambao vidole vyao, vikipatwa na baridi, hugeuka vyeupe, kisha vya buluu, na baadaye vyekundu damu irudipo. Hali hiyo, ambayo hata leo huitwa kwa jina lake, huwapata wagonjwa wengi wa lupasi, ingawa si wote; pia huwapata watu wengi wasio na ugonjwa mwingine wo wote. Mwaka 1912 Warren Lombard, katika Marekani, alitoa habari za kuitazama mishipa midogo ya ngozi ya mtu aliye hai kwa hadubini, na mwaka 1922 Otfried Müller wa Tübingen alichapisha kitabu kikubwa chenye picha za mishipa hiyo. Kazi hiyo ilipata nguvu mpya mwaka 1973, Hildegard Maricq na Carwile LeRoy walipoeleza namna mishipa ya kidole ionekanavyo katika magonjwa mbalimbali ya aina hii.

Namna ya kuchunguza

Katika sehemu kubwa ya ngozi kapilari husimama wima, kama nyasi zinazotazamwa kutoka juu, kwa hiyo kionekanacho ni nukta tu. Lakini katika upindo wa ngozi ulio kwenye shina la ukucha kapilari za mstari wa mwisho hulala, na kila moja huonekana kwa urefu wake wote: mkono mmoja ukileta damu, kichwa kikipinda, na mkono wa pili ukiirudisha. Hakuna mahali pengi mwilini ambapo jambo hili laweza kuonekana kwa wepesi kama huu.

Mgonjwa hukaa kwa muda wa dakika 15 hadi 20 katika chumba chenye joto la kadiri, yapata nyuzi 20 hadi 22 za Selsiasi, kwa sababu baridi huikaza mishipa na joto huipanua. Haifai awe amevuta sigara au kunywa kahawa muda mfupi kabla, wala asiwe amekata ngozi ya ukucha kwa kujipamba katika siku za karibuni. Tone la mafuta hutiwa juu ya upindo ili mwanga usirudishwe na ngozi bali upite. Kisha vidole vinane hutazamwa, gumba zikiachwa. Kidole cha nne na cha mwisho aghalabu huonyesha vizuri zaidi. Chombo kitumikacho sana siku hizi ni hadubini yenye kamera, ikuzayo mara 200. Mahali pasipo chombo hicho, vyombo rahisi vya kukuza, kama kile atumiacho daktari wa ngozi, huweza kuonyesha mabadiliko yaliyo makubwa.

Katika mtu mwenye afya kapilari hujipanga sambamba, kila moja ikiwa na umbo la pini ya nywele. Kwa kawaida huwa saba au zaidi katika kila milimita moja, na upana wa kila mkono hauzidi maikromita 20, yaani sehemu 20 za elfu za milimita. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 au 8. Kwa hiyo hupita katika njia iliyo nyembamba karibu kama yenyewe.

Ugonjwa uonekanao wazi kuliko yote katika uchunguzi huu si lupasi, bali ni skleroderma, ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi. Humo kapilari nyingine huvimba hata kupita maikromita 50, damu huvilia chini ya ngozi, na baadaye kapilari nyingi hupotea na kuacha mapengo. Picha hiyo ni ya pekee kiasi kwamba mwaka 2013 vyama vya wataalamu wa baridi yabisi vya Marekani na Ulaya viliiingiza katika vigezo vya kuuainisha ugonjwa huo.

Katika lupasi picha si thabiti hivyo. Kapilari huweza kuwa ndefu kuliko kawaida, kupindapinda, kupishana, kutoa panda, au kupanuka kidogo. Mtandao wa mishipa iliyo chini yake huweza kuonekana zaidi. Na huenda pakawa na madoa ya damu iliyovilia. Lakini baadhi ya mambo hayo huonekana pia katika watu wazima wenye afya, na katika mafundi, wakulima na wengine ambao vidole vyao huumizwa na kazi. Tena wako wagonjwa wa lupasi ambao kapilari zao ni za kawaida kabisa. Ndiyo maana vigezo vya lupasi vilivyotolewa mwaka 2019 havikuutia uchunguzi huu. Hata hivyo una faida yake. Mgonjwa wa lupasi ambaye vidole vyake hubadilika rangi kwa baridi akionekana kuwa na picha ya skleroderma, daktari hupata sababu ya kutafuta kama magonjwa mawili yamechanganyika. Uchunguzi huu, basi, ni shahidi, wala si hakimu.

Kukitaja kitu chenyewe

Neno la kwanza la kuamuliwa ni jina la mshipa mdogo. Njia tatu zimo mbele ya mwenye kutafuta istilahi.

Njia ya kwanza ni kuitafsiri maana ya Kilatini, kama Kiarabu kilivyofanya kwa kutumia neno lenye maana ya vijinywele vya damu. Njia hii yavutia, lakini Kiswahili tayari kina neno kinyweleo kwa tundu la ngozi liotalo unywele. Katika habari ya uchunguzi wa ngozi, maneno kinywele na kinyweleo yangekaa katika ukurasa mmoja yakitaja vitu viwili mbalimbali, na msomaji angekosea.

Njia ya pili ni kulipokea neno la kigeni, kapilari, ambalo limekwisha kuingia katika vitabu vya sayansi. Halina maana nyingine ya kulivuruga, nalo lafaa kwa wataalamu. Kasoro yake ni ya sarufi. Neno hili limo katika ngeli ya N, ambamo umoja na wingi havitofautiani kwa umbo la nomino. Mtu akiandika kapilari kubwa kidole cha nne, haijulikani kama ameona moja au kumi. Na uchunguzi huu, kama ilivyoonyeshwa, ni kazi ya kuhesabu. Dawa yake ni kutoandika kwa mkato, bali kutia kitenzi au kionyeshi chenye upatanisho: kapilari imepanuka, kapilari zimepanuka.

Njia ya tatu ni kutumia maneno ya Kiswahili yaliyo tayari. Umbo lionekanalo kwenye ukucha ni la uzi uliokunjwa, na kwa umbo hilo yako maneno mawili: kitanzi na kishwara. Kishwara ni kitanzi cha kamba ambamo baharia hutia kasia. Ni neno zuri, lakini wengi walio mbali na pwani hawalijui. Kitanzi kinajulikana na wote, ijapokuwa hukumbusha pia mtego na kamba ya kunyongea. Kwa maandishi ya kitaalamu kasoro hiyo si kubwa, na ngeli yake, KI-VI, yaonyesha umoja na wingi bila ya shaka: kitanzi kimoja, vitanzi saba. Kwa kumweleza mgonjwa yafaa kuacha kitanzi na mshipa pia, na kusema vijia vya damu. Kijia ni njia ndogo. Mtoto hulifahamu neno hilo, nalo halina maana ya fahamu, wala ya ngiri, wala ya mpigo.

Basi maneno haya matatu si washindani. Kapilari ni jina la kiungo. Kitanzi ni jina la umbo lake lionekanalo kwenye ukucha. Kijia cha damu ni jina la mazungumzo.

Kuyataja mabadiliko

Katika kutaja mabadiliko Kiswahili kina utajiri ambao haujatumiwa vya kutosha. Kuradidi kwa shina la kitenzi, kama katika kupindapinda, kwaonyesha kwamba upindo umerudiwa mara nyingi, na hivyo kwatofautisha kitanzi kilichopinda mara moja na kile kijisokotacho. Neno panda, litumikalo kwa mti na kwa njia, lataja mahali ambapo kitu kimoja hugawanyika kuwa viwili. Kitenzi kuvilia chataja damu iliyotoka katika njia yake ikakusanyika chini ya ngozi bila ya kuonekana nje. Mtu aliyepigwa hulijua neno hili vizuri, na hakuna sababu ya kuazima jingine.

Kitenzi cha kuangaliwa kwa hadhari ni kuharibika. Kiambishi -me- katika imeharibika chaonyesha jambo lililokwisha na ambalo matokeo yake yangaliko. Chakula kilichoharibika hutupwa. Mimba iliyoharibika haiponyeki, na katika lupasi neno hilo lina uzito wa pekee, kwani wagonjwa wengi ni wanawake wa umri wa kuzaa, na ugonjwa wenyewe huongeza hatari ya kupoteza mimba. Mwanamke aambiwaye kwamba vijia vyake vya damu vimeharibika asikia hukumu, hali daktari ameona upindo na upana tu. Kubadilika ni neno la kweli zaidi, na likifuatwa na aina ya badiliko huwa pia neno la kitaalamu: vimebadilika, yaani vimepanuka kidogo na kupindapinda.

La pili ni ukanushi. Ngozi yenye weusi mwingi hupitisha mwanga kwa shida zaidi, kwa hiyo vitanzi vyake huweza kufichika bila ya kupotea. Kuandika hakuna vitanzi ni kudai kwamba vimetoweka, nayo ni alama ya ugonjwa mzito. Kuandika vitanzi havikuonekana ni kueleza kadiri ya uwezo wa jicho na chombo. Tofauti hii ndogo ya sarufi yaweza kumwepusha mtu na ugonjwa asiokuwa nao, na kwa watu wa Afrika ya Mashariki si jambo la pembeni.

La tatu ni kivumishi mahususi. Wataalamu husema kwamba mabadiliko ya kapilari katika lupasi si mahususi, wakimaanisha kwamba yapo, ila hayaonyeshi ugonjwa mmoja peke yake. Lakini usemi hakuna jambo mahususi, katika masikio ya wengi, ni sawa na hakuna kitu. Mgonjwa huenda akaacha dawa kwa kudhani kwamba amepona. Yafaa maneno hayo yafumuliwe: mabadiliko yapo, lakini yaweza pia kuonekana katika magonjwa mengine na katika mtu mzima wa afya.

Mfano wa taarifa

Kwa kuyatia maneno haya katika kazi, taarifa ya daktari kwa mwenzake yaweza kuandikwa hivi: Vidole vinane vimetazamwa. Katika vidole sita vitanzi ni tisa kwa milimita, vimejipanga vizuri. Vichache vimepindapinda, na viwili vina panda. Katika kidole cha nne cha kushoto damu imevilia mahali pamoja. Hakuna kitanzi kilichozidi maikromita 50. Katika vidole viwili vya mwisho vitanzi havikuonekana kwa sababu ya weusi wa ngozi. Mabadiliko haya yapatana na lupasi, lakini hayaithibitishi.

Na kwa mgonjwa mwenyewe, maneno yawe mafupi zaidi: Mama, tumevitazama vijia vidogo vya damu kwenye kucha zako. Vingi viko sawa. Vichache vimejipinda, na mahali pamoja damu imevilia kidogo. Mambo haya twayaona kwa watu wenye ugonjwa kama wako, na pengine hata kwa wasio nao. Kwa hiyo hatutayategemea peke yake. Tutaendelea kupima damu na mkojo wako, ili tujue hali ya figo, nawe uendelee na dawa zako.

Kati ya taarifa hizi mbili hakuna habari iliyogeuzwa. Lililobadilika ni kiasi cha elimu anachodhaniwa kuwa nacho msikilizaji, na hicho ndicho kipimo cha istilahi: neno likiwa haliwezi kufumuliwa kwa maneno ya kawaida mbele ya yule ambaye kidole chake kimetazamwa, basi halijafahamika vya kutosha hata na mwenye kulitumia.